Kutolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo: mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza

Mgonjwa aliyetolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo anaweza kuruhusiwa kesho yake, akarudi nyumbani kwa miguu yake, tumboni ana plasta nne tu. Shida huanzia hapo. Majirani wanaona plasta, hawaoni kazi iliyofanyika chini yake: kiungo kizima kimeondolewa, mshipa wa damu umebanwa, na pale kwenye ini mfuko ulipokuwa umeshikamana pana kidonda kibichi. Siku ya nne mama wa watu ameshajitwisha ndoo.

Mwongozo huu unafuata safari nzima, kuanzia maumivu ya kwanza hadi kliniki ya mwisho. Nimechukua mfano wa mfuko wa nyongo kwa sababu ndio upasuaji wa matundu unaofanywa kwa wingi, lakini sehemu kubwa ya maandalizi inamfaa pia anayekwenda kutolewa kidole tumbo au kurekebishwa ngiri.

Hatua ya 1: Jua kama kweli ni nyongo

Maumivu ya vijiwe vya nyongo, yaani vijiwe vinavyojiunda ndani ya mfuko huo, yana tabia yake. Huanzia chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, mara nyingi usiku, baada ya mlo wa mafuta kama chipsi mayai au pilau. Hupanda, yakakaa juu kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, yakachoma hadi mgongoni au bega la kulia, kisha yakaondoka kana kwamba hayakuwahi kuwepo. Kwa kuwa yanaondoka, watu hutibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka bila mtu yeyote kuwaandikia utrasaundi. Kama umemeza dawa za vidonda mara kwa mara na maumivu ya namna hii yanarudi, omba kipimo hicho mwenyewe. Nenda ukiwa hujala kwa saa sita hivi, maana mfuko ukiwa umejaa ndipo vijiwe huonekana vizuri. Baada ya kula hujikamua na kusinyaa.

Vijiwe huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa, watu wenye uzito mkubwa, na hata waliopungua uzito kwa kasi. Kwetu kuna kundi jingine lisilotajwa vya kutosha: wenye selimundu. Chembe zao nyekundu za damu huvunjika mapema, rangi inayotoka humo hugandamana ndani ya mfuko, na ndiyo maana hata mtoto wa shule mwenye selimundu anaweza kuwa na vijiwe. Maumivu yake ya tumbo yasihesabiwe moja kwa moja kuwa ni kriza, yale maumivu makali ya selimundu yenyewe.

Si kila kijiwe kinahitaji kisu. Kama kimeonekana kwa bahati tu, ulipokuwa unapimwa mimba au figo, na hakijawahi kukuuma, mara nyingi huachwa. Kikianza kuuma ndipo mazungumzo hubadilika, kwa sababu kikishauma kwa kawaida hurudia.

Halafu kuna ile dawa ya mitandaoni ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu usiku, ili asubuhi "mawe" yatoke chooni. Vitonge vya kijani hutoka kweli, na watu huvipiga picha. Ni mafuta yenyewe yaliyogeuka kitu kama sabuni ndani ya utumbo. Rudia utrasaundi baada ya hapo utavikuta vijiwe vyako palepale.

Hatua ya 2: Panga mapema, usisubiri dharura

Upasuaji uliopangwa na ule wa dharura havilingani. Kijiwe kikiziba mlango wa mfuko, mfuko huvimba, homa hupanda, maumivu hayaachii hata baada ya saa sita. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo. Mfuko uliovimba ni vizuri utolewe ndani ya siku chache za mwanzo, kabla tishu hazijashikana. Siku zikipita, madaktari wengi hutuliza kwa dawa na kusubiri takriban wiki sita. Macho yakiwa ya manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, huenda kijiwe kimetoka kwenye mfuko na kukwama kwenye mrija mkuu wa nyongo. Hicho huhitaji kutolewa kwanza kwa kamera inayopitishwa mdomoni, au kushughulikiwa siku ya upasuaji, na si kila hospitali ina uwezo huo.

Hospitali nyingi za wilaya bado hazina vifaa vya matundu, hivyo tarajia barua ya rufaa. Ukifika kwa daktari bingwa wa upasuaji, usione haya kuuliza maswali haya: Upasuaji huu hapa unafanywa mara kwa mara? Mashine ikigoma au hali ikiwa ngumu, utanifungua hapohapo? Nikipata tatizo baada ya kurudi nyumbani, nipige simu ipi usiku? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Upande wa fedha, uliza kabla ya kupangiwa tarehe kama bima yako inalipia njia ya matundu au inalipia ule wa kufungua tu, kama kibali cha awali kinahitajika, na kama vibanio na mfuko wa kutolea kiungo vimo ndani ya bei au utaagizwa ukanunue. Familia zimekwama dirishani asubuhi ya upasuaji kwa jambo lililoweza kumalizwa wiki moja kabla. Na kama hali yako haikuruhusu kulipia matundu, upasuaji wa kufungua si wa kudharau: kovu ni refu na kupona huchukua wiki nne hadi sita badala ya moja au mbili, lakini mfuko unatoka uleule.

Mjamzito anaweza kufanyiwa, na kipindi kinachopendelewa ni kati ya mwezi wa nne na wa sita. Hedhi haiahirishi upasuaji, sema tu upewe pedi.

Hatua ya 3: Wiki ya kabla

Utapimwa wingi wa damu, kundi la damu, ini, figo, sukari, na wengine kipimo cha moyo. Utaonana pia na daktari wa usingizi, kwa kuwa upasuaji huu hufanywa kwa nusukaputi. Huyu mwambie yote, hata yale unayoona ya aibu: sigara, pombe, dawa ya mitishamba unayochemsha, jino linalocheza, ndugu aliyewahi kupata shida akiwa amelazwa usingizi.

Dawa ndipo watu hukosea zaidi. Leta vifungashio vyenyewe, usitegemee kumbukumbu ya "ile ya njano". Zinazozuia damu kuganda, kama warfarini na klopidogreli, huenda zikasimamishwa siku kadhaa kabla, lakini uamuzi huo ni wa daktari. Ukiziacha mwenyewe unaweza kupata kiharusi ukisubiri upasuaji wa nyongo. Dawa za kisukari ambazo jina lake huishia na "flozin" kwa kawaida husimamishwa siku tatu kabla. Metformini na insulini, uliza asubuhi ile ufanye nini. Dawa za presha nyingi humezwa kama kawaida kwa funda la maji, ingawa chache huachwa asubuhi hiyo. ARV zisikatizwe. Mitishamba iache yote, wiki moja au mbili kabla ikiwezekana, kwa sababu baadhi yake huongeza kutoka damu na hakuna anayejua ndani ya chupa ile mna nini na kiasi gani.

Mwenye selimundu ana maandalizi ya ziada: huenda akaongezewa damu kabla, na asikae na kiu wala kwenye baridi. Kama wodi imemzuia kunywa, anayemuuguza akumbushe kuhusu dripu, na alete blanketi.

Ndugu nao wana kazi wiki hii. Kwa kawaida upasuaji huu hauli damu nyingi, lakini benki ya damu huwa haina akiba ya kutosha, hivyo jamaa mmoja au wawili wakachangie mapema.

Hatua ya 4: Usiku wa kuamkia siku yenyewe

Kanuni ya kufunga ni hii: chakula kisiingie ndani ya saa sita kabla ya usingizi, maji matupu yasiingie ndani ya saa mbili. Kama umepangiwa saa mbili asubuhi, mlo wako wa mwisho ni wa usiku, na maji au chai ya rangi mwisho saa kumi na mbili alfajiri. Chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Uji mwepesi pia ni chakula, hata ungekuwa mwepesi vipi. Wodi ikikupa saa tofauti, fuata ya wodi. Sababu ya ukali huo ni kwamba ukiwa usingizini mwili hauwezi kujikinga; tumbo likirudisha kilichomo, kinaingia mapafuni.

Oga vizuri kwa sabuni. Kitovu kisafishe kwa makini, kwa pamba na sabuni, kwani ndipo tundu kuu linapopita na ndipo uchafu wa miaka hujificha. Usinyoe tumbo kwa wembe nyumbani: michubuko ya wembe huwa makazi ya vijidudu. Ikibidi, watakunyoa wao kwa mashine.

Kisha vua. Pete, hereni, kikuku, meno ya bandia, wigi, kucha za kubandika. Shanga za kiunoni zivuliwe nyumbani, kwa utaratibu wako na faragha yako. Ukisubiri hadi thieta zitakatwa kwa mkasi na zitatawanyika sakafuni, na hakuna atakayeziokota. Hirizi vilevile, mkabidhi unayemwamini. Bibi harusi mpya mwenye piko hadi kwenye kucha aeleze mapema, maana kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni husoma kupitia kucha na rangi nzito hukidanganya. Kidole kimoja kisiwe na rangi yoyote.

Hatua ya 5: Saini ukiwa umeelewa

Fomu ya ridhaa isisainiwe mlangoni mwa thieta ukiwa umeshavaa gauni la kijani. Omba uisome siku moja kabla. Mtu mzima mwenye akili timamu hujisainia mwenyewe, mume au kaka akishauri ashauri tu.

Mambo matatu yanapaswa kutajwa waziwazi. La kwanza, upasuaji unaweza kubadilishwa ukawa wa kufungua. Ukiamka na kovu refu chini ya mbavu, usiseme daktari ameshindwa. Amekuta tishu zimeshikana au damu inatoka pasipoonekana, akachagua kuona vizuri. Binafsi namwamini zaidi daktari anayefungua kwa wakati kuliko anayeng'ang'ania skrini. La pili, kuna hatari ya kuvuja damu au nyongo, na ya kidonda kupata maambukizi. La tatu ndilo zito: kujeruhiwa kwa mrija mkuu wa nyongo. Takwimu zinazotajwa sana duniani ni wagonjwa 3 hadi 5 katika kila 1,000. Ni wachache, ila akitokea huhitaji upasuaji mwingine mkubwa.

Hatua ya 6: Kinachofanyika ndani

Njia hii si ya majaribio. Mjerumani Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu mwaka 1985, wenzake wakambeza. Miaka miwili baadaye Philippe Mouret akafanya vivyo hivyo Lyon, Ufaransa, na kutoka hapo ikaenea.

Utaulizwa jina lako, umekuja kufanyiwa nini, na una mzio wa dawa gani, na watu watatu tofauti. Usidhani faili limepotea. Wanafuata orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, ambayo huwasimamisha mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla hujatolewa chumbani. Kabla hujatoka huhesabu vitambaa, sindano na vyuma vyote kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani.

Ukishalala, mpira huwekwa kooni kukusaidia kupumua. Ndio utakaokuachia koo linalokwaruza siku mbili. Tundu la kwanza, la sentimita moja hivi, hukatwa kitovuni. Hewa ya kaboni dioksidi hupulizwa tumboni hadi ukuta wake uinuke na kuacha nafasi ya kufanyia kazi. Wanatumia hewa hiyo kwa sababu haiwaki moto, na damu huinyonya haraka ukaitoa kwa kupumua. Kamera huingia. Matundu mengine matatu, mengi yakiwa ya nusu sentimita, hupitisha vyuma virefu vyembamba. Meza huinuliwa upande wa kichwa na kuinamishwa kushoto ili utumbo uteleze kando, na kuanzia hapo macho yote yako kwenye skrini.

Sehemu ngumu ni ndogo sana. Mmoja anaushika mfuko kwa kichwa chake na kuusukuma juu ya ini. Daktari anachambua mafuta shingoni mwa mfuko, taratibu, hadi vibaki vitu viwili tu vinavyoingia ndani yake: kimrija cha nyongo na mshipa wa damu. Asipoviona viwili hivyo wazi, hakati. Akiviona, anavibana kwa vibanio vidogo vya chuma na kukata katikati. Baada ya hapo mfuko unabanduliwa kwenye ini kwa umeme, unaingizwa kwenye kifuko cha plastiki na kuvutwa nje kupitia tundu kubwa. Vibanio hubaki tumboni maisha yote na kwa kawaida havina madhara. Yote huchukua saa moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Ndugu aliye nje asihesabu dakika.

Ndugu huyo asiende mbali na simu yake iwe na chaji. Kuna mahali hukabidhiwa kopo lenye mfuko uliotolewa, ukiwa ndani ya dawa ya kuhifadhi, aupeleke maabara. Asiimwage dawa hiyo na asiifungue akainusa. Aandikishe, achukue risiti. Vijiwe vyenyewe ukivitaka, vingine huwa vyeusi vinavyong'aa, vingine vya njano, omba upewe.

Hatua ya 7: Wodini

Utaamka na usingizi mzito, baridi, pengine kichefuchefu. Kitakachokushangaza ni bega la kulia kuuma kuliko tumbo. Bega halijaguswa. Hewa iliyobaki huwasha kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo unatoka shingoni pamoja na ile ya bega, basi ubongo unakosea mahali. Huisha kwa siku mbili tatu. Kutembea husaidia.

Na utembee kweli. Jioni ileile ukae kitandani, ushuke, ufike chooni ukiwa umeshikwa mkono. Damu inayolala miguuni huganda, na mapafu yasiyopanuliwa hupata nimonia. Vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa macho, na ukikohoa kandamiza mto tumboni.

Kuhusu kula, wagonjwa wengi wameambiwa wasubiri hadi watoe hewa kwa chini. Hiyo inawahusu waliofanyiwa upasuaji wa utumbo. Wewe utumbo wako haukukatwa. Ukishaamka vizuri na kichefuchefu kimetulia, wodi ikiruhusu, anza na maji, kisha chai, kisha uji. Ndugu wasilete supu ya kongoro siku ya kwanza. Najua ndiyo heshima ya mgonjwa, ila mafuta yale hayafai kwa sasa.

Omba dawa ya maumivu kabla maumivu hayajapanda. Ukiruhusiwa, usiondoke bila karatasi yenye maelezo ya upasuaji, dawa, tarehe ya kliniki na namba ya simu.

Hatua ya 8: Nyumbani

Siku hiyo ya kurudi usiendeshe gari wala usisaini mkataba wowote. Nusukaputi haiishi kichwani mara moja. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo iepuke wiki ya kwanza.

Plasta zikae kavu saa 48, kisha oga kwa kumwagia maji na kausha kwa kupapasa. Usipake asali, majivu, mafuta, wala unga wa vidonge vya rangi mbili. Kidonda safi kinachofungwa kwa nyuzi hakihitaji kitu kingine. Kufunga tumbo kwa kanga hakuna faida hapa, kunabana pumzi tu.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Usiibebe kwa wiki nne. Wala usitwange, usisukume kitanda, usimbebe mtoto mgongoni. Kazi za mezani unaweza kuzirudia baada ya wiki moja hivi. Shamba lisubiri hadi daktari aseme. Unyumba hauna tarehe maalumu, mwili ukiwa hauumi inatosha.

Chakula hakina miiko ya kudumu. Ini linaendelea kutengeneza nyongo, ila sasa inadondoka moja kwa moja kwenye utumbo badala ya kuhifadhiwa. Kwa wiki chache za mwanzo kula milo midogo yenye mafuta kidogo: wali, ndizi za kuchemsha, samaki, maharage, mboga za majani. Kisha rudisha mafuta polepole. Wengine huharisha baada ya mlo mzito. Kwa walio wengi hutulia. Kama umepewa tramadoli, dawa kali ya maumivu, kunywa maji mengi na kula papai, maana hufunga choo na kusukuma ukiwa na mshono huuma.

Hatua ya 9: Ukiona haya, rudi bila kusubiri kliniki

Baada ya upasuaji huu kila siku inatakiwa iwe afadhali kuliko ya jana. Mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri siku ya pili, kisha siku ya nne au ya tano tumbo likaanza kuuma zaidi, kujaa, akatapika au akapata homa, huyo nyongo au damu inaweza kuwa inavuja ndani. Asipewe dawa ya gesi akaambiwa avumilie. Arudi hospitali aliyopasuliwa, usiku uleule.

Rudi pia ukiona manjano machoni, mkojo mweusi au choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Kidonda kikitoa usaha au majimaji ya kijani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma. Au pumzi ikikata ghafla.

Hatua ya 10: Kliniki

Utaitwa baada ya siku saba hadi kumi au zaidi kidogo. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa hapo. Lakini usiridhike na kukaguliwa kidonda; uliza majibu ya maabara ya ule mfuko. Mara chache sana, katika mfuko uliotolewa kwa ajili ya vijiwe tu, hukutwa saratani ambayo hakuna aliyeishuku, na karatasi hiyo ikibaki kabatini haimsaidii mtu. Yakiwa hayajatoka, chukua namba ya sampuli na urudi. Yakitoka, yapige picha kwa simu pamoja na ripoti ya upasuaji, na nakala mtumie ndugu mmoja anayetunza vitu.